Wakala mmoja kwa muuzaji na mnunuzi: kabla hujasaini

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: nyumba uliyoipenda inauzwa na wakala huyohuyo anayekutafutia, na sasa amekuletea fomu ukubali awawakilishe nyote wawili. Unauliza kama kuna faida kwako.

Ipo, ila ni ya haraka zaidi kuliko ya bei. Nyaraka na majibu hupita mkono mmoja, basi. Unachopoteza ni ushauri, na hapo usipachukulie kirahisi. Hawezi kukunong'oneza kwamba muuzaji atashuka, wala kumwambia muuzaji kikomo chako cha bei. Swali la "nitoe ngapi?" ndilo lililokupeleka kwake, na ndilo hatalijibu tena.

Nilipoletewa fomu kama hiyo, nilianza na kifungu cha kutunza siri. Kama umeshamtajia kikomo chako, hakikisha imeandikwa kwamba hatakitoa. Kisha uliza kamisheni: akichukua ya pande zote mbili, una haki ya kuomba ipunguzwe.

Angalia na sheria ya mahali nyumba ilipo. British Columbia, Kanada, walipiga marufuku mtindo huu mwaka 2018, isipokuwa maeneo ya mbali yenye mawakala wachache. Kwenye majimbo ya Marekani, Florida na Colorado hawauruhusu. Utah wanauruhusu kwa ridhaa ya maandishi ya pande zote.

Mkataba wako sijauona, lakini kama ni nyumba yako ya kwanza, mimi ningekataa na kuomba wakala mwingine wa kunisimamia kwenye bei.