Mashine inavuma, nani mchawi? Maswali yenu ya elektrodi na kelele

Kamwene wote. Meseji ni nyingi wiki hii na karibu zote zinalia kilio kimoja, twende moja kwa moja.

*Niko Mbeya, tunarekodi neva ya chura kwa ajili ya projekti ya mwaka wa mwisho. Skrini imejaa wimbi nene hata chura hajawekwa, nimewasha filta bado lipo. Amplifaya imekufa?*

Haijafa mdogo wangu, usiizike mapema. Kwanza pima wimbi lenyewe, umeme wetu ni hertz 50, yaani mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo likijirudia kila milisekunde 20 basi ujue ni umeme wa ukutani umeingia kwenye waya zako. Sasa chukua kipande kifupi cha waya, unganisha matundu yote ya kuingizia ishara pamoja na la ethi (waya wa ardhini), palepale kwenye amplifaya. Mstari ukitulia, amplifaya ni nzima na mchawi yuko huku nje kwenye waya na elektrodi (zile ncha zinazogusa mwili kuchukua ishara), usipotulia ndo tuanze kuongea mambo ya fundi. Halafu zima kitu kimoja kimoja huku unaangalia skrini, tyubulaiti, chaja za simu, feni, na laptopu iende kwa betri. Mimi niliwahi kupoteza siku nzima nabadilisha elektrodi kumbe kuna mtu kachomeka plagi ya pini mbili kwa kusukumia kalamu kwenye tundu la ethi (mnajijua), kwa hiyo ile mashine haikuwa na ethi kabisa. Vifaa vyote vya mezani vipate ethi sehemu moja, ukivipa kila kimoja soketi yake ya mbali unatengeneza kitanzi na kelele inazidi. Filta iwe ya mwisho jamani, inaficha kelele ila na umbo la ishara yako inalichezea.

*Shikamoo fundi. Mimi ni nesi, niko Makambako, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ya mzee mmoja ilitoka na vinywele vinywele, haviko sawasawa. Mashine ni mpya.*

Marahaba mwanangu. Mwezi huu wa saba hapo Makambako na wewe unamvua mzee shati, unategemea nini? Hiyo ni misuli inatetemeka kwa baridi, ya umeme huwa imepangika kama meno ya kitana, ya misuli haina mpangilio. Mfunike blanketi, mikono ailegeze, subiri kidogo urudie. Ikiendelea angalia lidi, ile mistari ya ECG ambayo kila mmoja unapima kati ya viungo viwili: kama I na II ni chafu halafu III ni safi, tatizo liko mkono wa kulia, maana ndo pekee unaoingia kwenye zote mbili chafu. Na stika za elektrodi zisiachwe wazi kwenye pakiti. Enzi za Einthoven, baba wa ECG, kule Uholanzi, mwanzoni mwa miaka ya 1900, mgonjwa alikuwa anatumbukiza mikono na mguu kwenye vyombo vya maji ya chumvi, leo kazi hiyo inafanywa na jeli ya stika, sasa ikikauka ni kama umemwaga maji. Ngozi nayo isugue kwa gozi (kitambaa cha vidonda), losheni ni adui. Ila ethi ya mashine iliyofungwa kwa mgonjwa usiitoe kamwe eti kelele ipungue, hapo unacheza na roho ya mtu.

*Waya wangu wa madini ya fedha, ule elektrodi wa rejea (wa kulinganishia ishara), mstari unapanda polepole tu hautulii. Iringa.*

Utando wa kloridi juu ya waya umetoka. Piga msasa laini, suuza, loweka kwenye jiki kama nusu saa mpaka uwe kijivu cheusi, suuza tena. Usiukwaruze ukiuingiza kwenye kishikio, ukiona umeanza kung'aa rudia.

*Nikigusa kebo mstari unaruka, nikiachia unalala.*

Imekatika ndani, mara nyingi pale inapoingia kwenye plagi. Weka mita ya umeme kwenye alama ya mlio, shika ncha mbili, ikunje kunje taratibu, itakapokata mlio ndo hapohapo. Kata, lehemu upya. Na muache kuzifunga kebo kama kamba ya mbuzi.