Usimtoe mzee kwenye mionzi, nakuomba

Mkuu usimrudishe mzee Dodoma. Umeandika yuko wiki ya nne ya mionzi Ocean Road, hospitali ya kansa Dar, kansa ya koo hatua ya nne, shingo imebabuka, hamezi hata mate, na ndugu wanasema apumzike nyumbani mwezi mmoja apate nguvu ndio arudi amalizie. Maneno hayohayo niliambiwa mwaka 2019 na nikayafuata.

Mzee wangu alikuwa dalali wa mahindi Kibaigwa. Alipangiwa mionzi mara 35, siku tano kwa wiki, pamoja na dripu ya sisplatini, dawa ya kuua kansa. Kufika ya 19 akawa analia usiku kucha, mara nikapigiwa simu na jamaa mmoja anauza dawa za kienyeji za kusaga, eti mionzi inampika baba yako, mlete nimsafishe damu. Nikakata tiketi ya basi nikamrudisha nyumbani. Laki nne za hiyo dawa, wiki sita, na koo kweli likapoa, mzee akala ugali, tukafurahi nyumba nzima! Kumbe kilichopona ni vidonda vya mionzi tu, uvimbe wenyewe ulikuwa unajijenga, maana seli za kansa ukizipiga halafu ukaziachia katikati, zilizobaki zinazaliana kwa kasi. Tuliporudi daktari akasema hatuwezi kuanza upya kama vile hakuna kilichotokea, nyama ya shingo ina kiwango chake cha mionzi na hiyo 19 imeshaila. Ikabaki oparesheni ya kutoa kisanduku chote cha sauti, na kidonda kikagoma kufunga kwa miezi, mate yanavujia shingoni, ndio tabu ya kupasua nyama iliyokwisha kupigwa mionzi. Leo anapumulia tundu la shingoni, dalali hana sauti. Na yule jamaa bado anauza dawa zake, simu yangu hapokei, nikikumbuka natetemeka kwa hasira.

Maumivu yanapanda kuanzia wiki ya tatu na yanaweza kuendelea hata wiki mbili baada ya kumaliza, hiyo sio dalili kwamba mwili umekataa. Mwambie daktari leoleo akupe mofini ya kunywa, dawa kali ya maumivu, na kama hamezi awekewe mpira wa puani wa kulishia. Mashine ikiharibika au ikaangukia sikukuu, usiondoke mpaka wakwambie siku hiyo inafidiwaje.

Uliuliza pia gharama na pa kufikia Dar, wengine watakujibu. Wewe kesho asubuhi hakikisha mzee yuko kwenye foleni ya mashine, hata kama ni kumbeba.