Kona ya Dokta: Vumbi la Chupa Kwenye Shisha, Linaua au Tunatishana?

SWALI: Dokta shikamoo. Mimi kijana wa Tanga ila nipo Muscat mwaka wa tatu sasa, naendesha gari ya mizigo. Jioni tukitoka kazini tunakaa na washkaji tunavuta shisha, sio kila siku ila wiki haiishi bila. Ya kwangu niliagiza mtandaoni, kioo tupu kuanzia chupa ya maji mpaka lile bomba la katikati, haina chuma kabisa. Sasa juzi naifuta na kitambaa cheusi nikaona vumbi jeupe linametameta pale shingoni bomba linapoingilia, kuangalia vizuri mdomo wa chupa umemeguka, kidogo tu kama ukucha wa kidole cha mwisho, na kipande chenyewe sikukiona. Mwenzetu mmoja akasema vumbi la chupa likiingia kwenye mapafu halitoki, unapata ugonjwa wa wachimba madini na ndo basi tena. Na mimi nyumbani nimekua nikisikia watu wanasagiwa chupa kwenye chakula wanakufa taratibu. Nakohoa kama wiki tatu sasa, usingizi sina. Nikinunua chupa mpya nitakuwa salama? (Mpwa wako, Muscat)

JIBU: Marahaba mpwa. Kwanza tulia, halafu hiyo chupa itupe leo hii, usiigundishe na gundi wala usiipige msasa mdomoni, maana kuna watu nawajua watafanya hivyo hivyo.

Sasa huyo mwenzenu kachanganya mambo mawili. Ugonjwa wa wachimba madini anaousema ni silikosisi, na huo unaletwa na vumbi la mawe na mchanga, yaani silika ambayo bado iko kwenye hali ya fuwele, chembe zake zimejipanga kwa mpangilio maalum, kwarzi kwa jina lake. Kioo nacho kinatokana na mchanga huo huo, chupa ya kawaida karibu asilimia 70 na kitu ni silika, ndo maana watu wanaona ni kitu kimoja. Lakini kiwandani mchanga ule unayeyushwa kwenye joto la nyuzi 1,500 hivi pamoja na magadi na chokaa, na ukishapoa haurudi kuwa fuwele tena, unabaki umeganda bila mpangilio. Mapafu yanaijua tofauti hiyo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, mwaka 1997 liliiweka silika ya fuwele kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, na ile isiyo fuwele ikaiweka kundi la tatu, yaani ushahidi hautoshi kuihukumu. Kwa hiyo vumbi la chupa linakera, linakwaruza, ila silikosisi sio kesi yake.

Halafu kuna suala la ukubwa. Unywele wa mtu una upana wa kama maikroni 70, na maikroni moja ni milimita ukiigawa mara elfu. Chembe ili ifike kule chini kabisa kwenye vifuko vya hewa inabidi iwe chini ya maikroni 5 hivi, na hiyo huwezi kuiona kwa jicho hata uweke kitambaa cheusi namna gani. Ile uliyoiona inametameta ni kubwa mno, ikivutwa inaishia kooni au kwenye njia kubwa za hewa, unakohoa, makohozi yanaipandisha, unameza, inatoka chooni. Na habari ya kusagiwa chupa ndo hivyo hivyo, ikisagwa ikawa unga laini kwa kawaida inapita tu, vipande vyenye ncha ndo vinachana utumbo, ila huyo wa kula kipande bila kukisikia kwenye meno sijui anakula haraka ya wapi.

Lakini sisemi hakuna hatari, angalia vizuri ni wapi kumemeguka. Wazee wetu wa pwani walikuwa na kiko cha maji na kila kitu kilikuwa na jina, bori ni pale tumbaku inapokaa, digali ni lile bomba linaloshuka kwenye maji, na ule mlio wa maji wakauita malio ya kiko. Tumia majina hayo hayo kwenye shisha yako. Kitu kikidondoka kwenye bori au ndani ya digali kinashukia kwenye maji na kingi kinabaki humo. Ila wewe umemeguka shingoni, juu ya maji, pale ambapo moshi umeshatoka majini unaelekea kwenye mpira wa kuvutia, kwa hiyo hapo hakuna kinachokinga, na isitoshe unavuta kwa mdomo, ile chujio ya pua umeiruka. Kipande kidogo chenye ncha kikifika kwenye koo kinaweza kukukata, na kile kipande ambacho hukukiona nina wasiwasi kipo kwenye mpira. Utupe na huo pia.

Na hilo vumbi jeupe nakuambia linatoka wapi, hizi shisha za kioo tupu digali na shingo vinakutana kioo kwa kioo, wanasaga ile sehemu iwe na ukungu ili ikamate, sasa kila ukizungusha kikavu kinajisaga chenyewe. Chupa mpya ioshe kwa maji kabla ya kuvuta mara ya kwanza, lowesha maungio ndo uingize, au tafuta ile yenye pete ya mpira katikati, hiyo haisagani.

Tumemaliza kioo, sasa moshi, maana umeniuliza kama chupa mpya itakufanya salama. Hapana. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilisema tangu 2005 kwamba kikao kimoja cha shisha cha saa nzima unaweza kuvuta moshi mara 100 mpaka 200 ya ule wa sigara moja, na maji hayasafishi sumu, yanaupoza tu ndo maana unavuta nyingi bila kukabwa, na bado hujahesabu ile hewa ya mkaa, kaboni monoksidi, ambayo ndo inakufanya kichwa kigonge ukisimama. Yaani mpwa wangu umekosa usingizi kwa ajili ya chembe mbili za kioo na huku moshi umeukaribisha mwenyewe kwa miaka mitatu!

Kikohozi cha wiki tatu hakisubiri jibu la kwenye gazeti. Huku nyumbani mtu akifikisha wiki mbili tunampima kifua kikuu, na wewe nenda kapime makohozi na picha ya kifua wiki hii, wape hadithi yote ya shisha na chupa usifiche kitu. Ukiona damu usisubiri kesho.

(Halafu nyie wa huku msianze kuniandikia mnauliza shisha nzuri inauzwa wapi, Tanzania ilipigwa marufuku 2016 na Kenya mwisho wa 2017.)

SWALI: Dokta habari. Mimi nakata chupa za bia na za wain natengeneza glasi, taa na vyombo vya kuvutia tumbaku, nipo Arusha. Natoboa na kusaga kavu ndani ya chumba, jioni nywele zimekuwa nyeupe. Bosi ananipa pakiti ya maziwa kila siku anasema yanashusha vumbi. Ni kweli? (Fundi Chupa)

JIBU: Fundi, wewe ndo una kesi kuliko yule wa Muscat, yeye kaona vumbi mara moja na wewe unaishi nalo. Silikosisi kwa kioo chenyewe sina hofu nayo sana, ila macho, koo, pua na ngozi vitaumia, na kama unasaga vioo vya rangi, vingine vyekundu na vya njano vina kadimiamu, na kristali za zamani zina madini ya risasi, zote mbili ni metali zenye sumu. Toboa kwa maji, weka chupa kwenye beseni au tundika kopo lenye tundu lidondoshee maji pale ncha inapokula, vumbi linageuka tope na ncha inadumu zaidi. Usifagie kavu wala kupuliza kwa kompresa, futa kwa tambara bichi. Barakoa iwe N95, sio kitambaa cha kanga, na nguo za kazi usikumbatie nazo mtoto.

Ila kuna kitu kimoja ukiambiwa ukatae. Kama bosi ataleta mashine ya kupiga mchanga, ile inayorusha mchanga kwa nguvu ya hewa, ili kuchora maua kwenye chupa, hapo umetoka kwenye kioo umerudi kwenye kwarzi, na huo ndo ugonjwa wenyewe. Uturuki vijana walikuwa wanapiga mchanga jinzi zionekane zimechakaa, wakapata silikosisi wakiwa wadogo kabisa, serikali ikapiga marufuku 2009. Na wewe wa Arusha, Mererani kwenye migodi ya tanzanaiti unaijua, mwenye vumbi la mawe kifuani kifua kikuu kinampata kirahisi zaidi.

Maziwa yanaenda tumboni, vumbi liko kwenye mapafu, hizo ni barabara mbili tofauti. Kunywa ni chakula, ila mwambie bosi hela ya maziwa ya mwezi mmoja inatosha beseni, kopo na barakoa, na chenji inabaki.