Birika lajaa chokaa, maharage hayaivi: maji magumu ya bomba mjini Unguja

SWALI: Assalamu alaykum, mhandisi. Tulihamia Mwanakwerekwe mwaka jana tukitokea Morogoro. Tangu hapo birika la umeme linajaa ukoko mweupe kila baada ya wiki chache, hita ya kuogea imeshaungua, sabuni haitoi povu, na maharage nayapika mpaka mkaa unaisha bila kuiva vizuri. Jirani ananishauri nitie shabu kwenye tangi. Mume wangu anataka tununue mashine ya kulainisha maji ya nyumba nzima, na mama mkwe ana hofu kwamba watoto watapata mawe kwenye figo. Tufanye lipi?

JIBU: Waalaykumu ssalaam, dada yangu. Dalili zote ulizozitaja ni za maji magumu, yaani maji yaliyobeba kalisiamu na magnesiamu kwa wingi. Naomba mashine hiyo isinunuliwe kwanza, kwa sababu maji ya nyumba nzima hayahitaji kulainishwa, na ugumu wenyewe una aina mbili zisizotibika kwa njia moja.

Maji ya mito inayoshuka Uluguru, ambayo mliyazoea Morogoro, hupita juu ya miamba isiyoyeyuka kwa urahisi, na kwa hiyo huwa laini. Unguja haina mito mikubwa. Mji unanywa maji ya chini ya ardhi, ya visima na chemchemi, na hata bomba lililoletwa mjini zama za Sultani Barghash bin Said (1870–1888) lilivuta maji kutoka chemchemi za kaskazini mwa mji. Sehemu kubwa ya kisiwa imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Mvua inapopenya kwenye udongo hubeba hewa ya kaboni dayoksaidi na kuwa na uchachu kidogo, na uchachu huo ndio unaoyeyusha mawe hayo taratibu. Kilichoganda ndani ya birika lako ni kalisiamu kaboneti, kitu kile kile kilichomo katika jiwe la matumbawe linalochomwa kwenye tanuri kupata chokaa ya kupakia nyumba.

Wataalamu wengi huyaita maji kuwa magumu ugumu wake unapopita miligramu 120 kwa lita, na magumu sana unapopita 180. Ukifika kiasi cha 200, ukoko huanza kuwa kero kwenye kila chombo kinachochemsha maji. Chokaa hupitisha joto vibaya sana kuliko chuma au shaba. Waya wa hita uliofunikwa nayo hushindwa kutoa joto lake kwa maji, hujipasha wenyewe mpaka ukakatika, na huenda hivyo ndivyo hita yenu ilivyoungua.

Sasa hizo aina mbili. Ugumu wa muda unatokana na bikaboneti, nao huondoka maji yakichemka, kwa sababu kalisiamu huganda na kutuama chini. Ugumu wa kudumu unatokana na salfeti na kloridi, na huo utachemsha hata saa nzima usiondoke. Unaweza kuzitambua nyumbani bila maabara. Chukua chupa tatu za nusu lita zinazofanana: moja tia maji ya mvua uliyoyakinga baada ya bati kusafishika, ya pili maji ya bomba kama yalivyo, na ya tatu maji ya bomba yaliyochemka kwa dakika kumi, yakapoa, kisha ukayamimina polepole ili mashapo yabaki sufuriani. Para sabuni ya mche kwa kisu, tia mparuzo mmoja mmoja katika kila chupa, tikisa, na uhesabu ni mingapi inayohitajika hadi povu likae juu ya maji kwa dakika moja bila kuzama. Usitumie sabuni ya unga, maana imeshachanganywa na viungo vya kulainisha maji na itakudanganya. Ikiwa chupa ya tatu inakaribia ile ya mvua, ugumu wenu karibu wote ni wa muda. Ikiwa inafanana na ya pili, ni wa kudumu. Kwa maji yanayotoka katika mawe ya matumbawe nategemea sehemu kubwa iwe ya muda, lakini karibu na pwani, ambako maji ya bahari hupenya visimani, mambo hubadilika.

Suala la sabuni lina hesabu ambayo wengi hawaifahamu. Kalisiamu huishika sabuni na kuigeuza utando wa kijivu usioyeyuka, ule unaoganda pembeni mwa beseni na kuzifanya nguo nyeupe zififie, na povu halianzi mpaka kalisiamu yote iwe imeshiba. Ndoo ya lita 20 yenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita humeza takriban gramu 36 za sabuni halisi kabla hujafua hata kitambaa. Kazi hiyo hiyo hufanywa na gramu sita au saba za soda ya kufulia, yaani sodiamu kaboneti, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai. Ikoroge kwenye ndoo, iache maji yatulie kwa nusu saa, ndipo utie sabuni. Vaa glavu, kwani soda hukausha ngozi, na maji hayo yasinywewe wala kupikiwa.

Kuhusu maharage, kalisiamu hujishika na pektini iliyomo katika kuta za punje na kuzikaza, hivyo maji yenyewe ndiyo yanayoyazuia kulainika, ingawa maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu nayo huwa sugu hata kwa maji ya mvua. Roweka usiku kucha na upike kwa maji ya mvua, au kwa maji yaliyochemshwa na kuchujwa kama yale ya chupa ya tatu. Magadi wanayotia wazee husaidia kweli, kwa kuwa kaboneti yake huiondoa kalisiamu majini, lakini magadi ya asili mara nyingi huwa na floraidi nyingi inayotia madoa meno ya watoto yangali yakikua. Kwa nyumba yenye watoto wadogo mimi nisingeyafanya kuwa mazoea.

Shabu ya jirani haitasaidia. Kazi yake ni kukusanya tope lituame. Kalisiamu iliyoyeyuka haiguswi nayo, kama isivyoguswa na dawa ya klorini wala chujio la mshumaa.

Ukoko uliokwisha kuganda uondoe kwa asidi nyepesi: siki, maji ya ndimu, au asidi ya sitriki, vijiko viwili vya chai kwa lita moja ya maji ya moto. Viputo utakavyoviona ni kaboni dayoksaidi inayotoka. Kichwa cha bomba la mvua kilichoziba kifunge ndani ya mfuko wenye siki usiku mmoja. Usichanganye asidi yoyote na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, kwa sababu hutoa gesi ya sumu.

Mama mkwe mtulize. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha ugumu kwa misingi ya afya, na haijathibitika kwamba maji magumu husababisha mawe ya figo kwa watu wazima au watoto. Kunywa maji machache kwenye joto letu ni hatari iliyo wazi zaidi. Mwenye mawe tayari afuate maelekezo ya daktari wake.

Tukirudi kwenye mashine, ile ya chembechembe za rezini hubadilisha kalisiamu kwa sodiamu, na kwa kila miligramu 100 za ugumu zinazoondolewa huongezeka takriban miligramu 46 za sodiamu katika kila lita, jambo la kuzingatia ikiwa nyumbani kuna mwenye shinikizo la damu. Itahitaji pia chumvi ya kuihuisha kila mara. Ile inayochuja kwa utando huondoa karibu kila kitu, lakini inataka msukumo mzuri wa maji na humwaga sehemu kubwa ya maji inayoyapokea, na katika mtaa unaopata maji kwa zamu sioni faida yake. Kama mume wako bado anaitaka, aiweke kwenye bomba la hita na la mashine ya kufulia tu, na bomba la jikoni la kunywa liachwe lilivyo.

Kabla ya hapo peleka sampuli maabara na uombe vipimo vya ugumu wote, kalisiamu, magnesiamu, alkali (kipimo kinachoonyesha hasa wingi wa bikaboneti) na kloridi. Alkali ikiwa sawa na ugumu au kuuzidi, ugumu wote ni wa muda. Kloridi ikiwa juu sana, basi chumvi ya bahari imeshaingia kisimani; hiyo mashine ya rezini haiitoi, na taarifa yake inapaswa kufikishwa kwa mamlaka ya maji ili kisima kinachowahudumia kichunguzwe.