Kisima kikigoma, usikimbilie presha

Vijana wengi ninaochimba nao visima huku miteremko ya Mlima Meru, wakiona biti, kile kichwa kinachovunja mwamba, inasuasua, mkono unakwenda moja kwa moja kwenye presha ya hewa. Nawaomba wasubiri. Presha inaipa hama, yaani nyundo ya hewa inayoipiga biti huko chini, nguvu ya kugonga, lakini chenga za mwamba zinapandishwa na wingi wa hewa. Zisipotoka, hama inazisaga upya, biti inalika bure na rodi, yale mabomba yanayoishikilia hama na kuipelekea hewa, zinaanza kunasa.

Kanuni ninayoishika ni kwamba hewa ipande kati ya rodi na ukuta wa kisima kwa mita 15 kwa sekunde, isipungue. Chukua biti ya milimita 165, yaani inchi sita na nusu. Kwa rodi za milimita 89 utahitaji kama mita za ujazo 13.6 za hewa kwa dakika. Funga rodi za milimita 114, zinatosha 10 tu, maana nafasi ya kupita imebana. Mteja aking'ang'ania kisima cha milimita 203 kwa rodi zile nyembamba, hesabu inaruka hadi 23 na ushee. Kwa hiyo kabla ya kukodi kompresa (mashine ya kusukuma hewa) kubwa, nakagua kwanza rodi zilizopo. Tena Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya saba. Hesabu hizo zichukulie kuwa kima cha chini.

Zamu ya presha inakuja mkishakuta maji. Kila mita 10 za maji yaliyosimama juu ya hama zinakula baa moja ya presha. Yakiwa mita 80, kompresa ya baa 20 inabakiwa na 12 za kufanyia kazi, na utaliona hilo hasa unapowasha upya baada ya kuongeza rodi.

Lava yenye nyufa inameza hewa, juu hakirudi kitu. Hapo tia povu la kuchimbia, linabeba chenga hata kwa mwendo mdogo. Kwenye majivu laini ya volkano shusha mapema kesingi, bomba la kuzuia ukuta usibomoke. Wanaobana matumizi hapo sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu hewa inaumomonyoa ukuta na hama inaweza kufukiwa huko chini.

Na kila unapotaka kuongeza rodi, nyanyua biti kidogo, acha hewa ipulize mpaka chenga ziishe kutoka, ndipo ufunge hewa.