Kabla hujamchoma Simba sindano ya mwisho, pima mkojo wake

Wiki hii msomaji ametutumia picha ya majibu ya damu ya mbwa wake, Simba, dume wa miaka 12 mwenye kilo 28. Chembe nyeupe 14.2, MCV (ukubwa wa chembe nyekundu) 66, chembe sahani (za kugandisha damu) 92, ALP (kimeng'enya kinachotazamwa kwa ajili ya ini) 410, kreatinini (taka inayochujwa na figo) 168. Kila namba imewekewa alama nyekundu, na jirani ameshamshauri amchome sindano ili apumzike. Mbwa mwenyewe anakula na anabweka getini. Tafadhali, usimchome kwa sababu ya karatasi hiyo.

Kwanza tazama viwango vilivyochapishwa pembeni ni vya nani. Damu ya mbwa ikipelekwa maabara ya binadamu, majibu hulinganishwa na binadamu. Chembe nyekundu za mbwa ni ndogo kuliko zetu: MCV ya kawaida kwake ni takriban 60 hadi 77, kwetu ni 80 hadi 100. Chembe nyeupe zake zaweza kufika 17 akiwa mzima, wakati kwa mtu zikipita 11 tayari ni za juu. Alama mbili za Simba zimefutika hapo.

Chembe sahani 92 ni chache, ila mashine huzihesabu vibaya zikishikamana, jambo linalotokea mbwa akipapatika na damu ikitoka polepole. Omba mtaalamu azitazame kwa hadubini, hasa ukingoni mwa kioo, ambako mafungu hujificha. Zikiwa chache kweli, huku kwetu mshukiwa wa kwanza ni kupe wa kahawia na kimelea anachokibeba, Ehrlichia canis. Kati ya protini za damu, globulini ikiwa juu na albumini chini, shaka huongezeka. Dawa yake, doksisaiklini, kwa kawaida hutolewa siku 28. Wengi huiacha wiki ya kwanza kwa sababu mbwa ameanza kula, na ugonjwa unarudi. Chembe zikishuka chini ya 50, au ukiona vidoa vyekundu kwenye fizi na tumboni, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo.

ALP ikipanda peke yake huku ALT, kimeng'enya kingine cha ini, iko sawa, usikimbilie kusema ini limekufa. Uliza kwanza kuhusu prednisolone, dawa ya aina ya steroidi. Mbwa akipewa steroidi kwa ajili ya muwasho, hata ya matone ya sikio, ALP yake yaweza kupanda na kubaki juu kwa wiki kadhaa.

Sasa kreatinini, ambayo ndiyo yenye uzito. Hakikisha kizio: 168 ni mikromoli kwa lita, ukipewa miligramu kwa desilita, zidisha kwa 88.4. Kwa mwongozo wa IRIS, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa figo za wanyama, 125 hadi 250 ni hatua ya pili kati ya nne za ugonjwa sugu wa figo, lakini hatua hiyo hutajwa tu kama mbwa hana upungufu wa maji na kipimo kimerudiwa. Ngozi ya mbwa mzee hurudi polepole hata akiwa na maji ya kutosha, kwa hiyo gusa fizi: zikinata, amekaukiwa. Kumbuka pia kwamba kreatinini hutoka kwenye misuli. Mbwa aliyekonda mwenye 120 anaweza kuwa na figo mbovu kuliko mwenye misuli mingi aliye na 140.

Kinachoamua ni mkojo. Uukinge asubuhi kabla hajanywa maji, kwa upawa safi, katikati ya kukojoa, kisha upimwe kwa rifraktomita, kifaa kinachoonyesha ukolezi wa mkojo ukilinganishwa na maji. Ukizidi 1.030, figo bado zinaukoleza, ukibaki 1.008 hadi 1.012 wakati damu inaonyesha kreatinini ya juu, zimeshindwa kazi hiyo. Kosa linaloharibu kila kitu ni kumtundikia dripu kwanza. Mkojo ukishazimuliwa, jibu limepotea. Pima na protini kwenye mkojo huo huo.

Damu irudiwe baada ya wiki 2 hadi 4, mbwa akiwa hajala kwa muda wa saa 12 ila maji anywe. Kichupa cha kofia nyekundu kijazwe kabla ya cha zambarau. Dawa ya kuzuia damu isigande iliyo kwenye kile cha zambarau ikiingia kwenye chekundu, potasiamu hupanda na kalsiamu huanguka, na mtu anatibu ugonjwa usiokuwepo. Seramu, yaani maji ya damu, itenganishwe na chembe mapema. Ikichelewa, chembe hula sukari na mbwa mzima anaonekana sukari imemwishia.

Wakati unasubiri, acha diklofenaki na ibuprofen kabisa. Punguza dagaa na mifupa kwa sababu vina fosforasi nyingi, ila usimnyime nyama yote, atakonda. Pima maji anayokunywa kwa siku: mililita 100 kwa kila kilo, yaani lita 2.8 kwa Simba, ndio mpaka. Akizidi hapo, mwambie daktari. Akigoma kula siku mbili, akitapika mfululizo au asipokojoa siku nzima, usisubiri kipimo cha pili.