Fundi, mbona hawanisikii?

*Salaam fundi. Hedseti yangu isiyo na waya nasikilizia taarabu raha mustarehe. Nikiingia Zoom tu, sauti inakuwa kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Nimeuziwa feki? – Dada wa Kisauni*

Si feki, dada. Bluetooth ina njia mbili za kupitisha sauti. Moja ni ya muziki: sauti nzuri, kila sikio na lake, lakini inakwenda upande mmoja tu, kutoka kompyuta kuja kwako. Ya pili ni ya simu: inakwenda na kurudi, kwa hivyo inabanwa. Masikio yote mawili hupata sauti ileile moja, na kwenye vifaa vya zamani sauti hupimwa mara 8,000 tu kwa sekunde, wakati sidii ya muziki hupimwa mara 44,100. Zoom ikigusa maiki ya hedseti, kompyuta inahama njia papo hapo. Ndiyo maana kwenye Windows 10 hedseti moja huonekana mara mbili: huku imeandikwa "Stereo", huku "Hands-Free".

Fungua mipangilio ya sauti ndani ya Zoom. Kwenye spika chagua hedseti (ile ya "Stereo" zikiwa mbili), kwenye maiki chagua ya laptopu yenyewe. Hedseti ikiachiwa kazi ya kusikiliza tu, hubaki njia ya muziki. Ubaya wake ni kwamba maiki ya laptopu haichagui: itanasa feni, itanasa na jogoo wa jirani. Mimi mkutano wa kusikiliza hufanya hivyo, lakini zamu yangu ya kusema ikifika narudi kwenye maiki ya hedseti. Wacha nisikie mtungi mimi, wao wasisikie jogoo.

Kuna mfumo mpya, LE Audio, uliotangazwa mwaka 2020 na unaopunguza taabu hii. Lakini lazima laptopu na hedseti zote mbili ziwe nao, kwa hivyo uliza kabla hujatoa pesa.

*Mimi nawasikia wote, wao hawanisikii. Wanafunzi wanacheka tu. – Mwalimu, Likoni*

Pole mwalimu. Maiki inaweza kufungwa mahali patatu, na kufungua mahali pamoja hakufungui pengine. Kuna kitufe cha kwenye hedseti, ambacho hubonyezwa na kilemba au mtandio bila mwenyewe kujua. Kuna alama ya maiki ndani ya programu. Na kuna ruhusa: ukitumia Google Meet, bofya alama iliyo kando ya anwani juu ya kivinjari uone kama maiki imeruhusiwa.

Zote zikiwa wazi, angalia programu imechagua maiki ipi. Ukiwasha hedseti baada ya kuingia mkutanoni, mara nyingi programu hubaki imeng'ang'ania maiki ya mwanzo. Washa hedseti kwanza, ndipo uingie. Zoom na Teams zote zina sehemu ya kujaribu sauti; ijaribu kabla wanafunzi hawajaingia.

*Sauti inakatikakatika nikitoka sebuleni. – Mji wa Kale*

Kuta zenu za mawe ya matumbawe ni nene, bwana. Hedseti nyingi hufika kama mita 10 pasipo kizuizi, na ukuta hupunguza hapo. Isitoshe, Bluetooth hutumia masafa ya 2.4 GHz, yaleyale ya Wi-Fi ya kawaida na ya maikrowevu. Kama ruta yako ina 5 GHz, hamishia laptopu huko. Diski ya nje ya USB 3.0 nayo huvuruga masafa hayo. Ukiwa umeichomeka, iondoe au isogeze mbali.

*Katikati ya mkutano sauti inapotea, kumbe simu imeingia. – Bamburi*

Hedseti yako imeunganishwa na vifaa viwili kwa pamoja, na simu ikilia huipokonya laptopu. Zima Bluetooth ya simu mpaka mkutano uishe.

*Nimeiweka kwenye chaji usiku kucha, asubuhi haina kitu. – Mtwapa*

Tazama vile vidoti vya shaba, kwenye hedseti na ndani ya kasha lake. Ukiona ukijani, hiyo ni kutu ya jasho na hewa yetu ya chumvi. Chovya pamba kidogo kwenye spiriti, futa taratibu, acha vikauke kabisa ndipo urudishe chaji. Usikwangue kwa wembe: ukitoa ile rangi ya juu, kutu itarudi mbio. Isiposhika hata baada ya hapo, betri ndiyo imechoka.

*Wenzangu wanalalamika kwamba wanasikia mwangwi wa sauti zao, mimi sisikii kitu. – Tudor*

Basi mwangwi unatoka kwako. Sauti zao zinatoka kwenye spika ya laptopu na maiki inazirudisha. Hedseti umeivaa, naam, lakini programu haijaichagua. Ichague kwenye sehemu ya spika, na kama umefungua mkutano uleule kwenye simu pia, funga mmoja.